Bafa hii ni ya nani? Kushirikiana kwenye msimbo wa kumbukumbu katika mradi huria

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Soweto, Moshi, na mwenzangu yuko Njiro, Arusha. Tunachangia maktaba huria ya C inayopokea vipimo vya hali ya hewa kutoka kwenye vihisi, ujumbe mmoja kila sekunde 10. Programu inaanza vizuri, ila kila siku inakula kama MB 2.2 zaidi za kumbukumbu (RAM), mpaka mfumo unaiua. Tukaandika bwawa letu wenyewe la kumbukumbu, yaani akiba tunayoigawa wenyewe, mistari 1,100, tukalituma kama kiraka kimoja (furushi la mabadiliko ya msimbo). Mkaguzi wa mradi amejibu kwa sentensi tatu tu: nani anaachilia bafa hii (kipande cha kumbukumbu cha kuwekea data kwa muda)? Gawanyeni kiraka. Vipimo viko wapi? Tumevunjika moyo. Isitoshe, sisi wenyewe tunagombana, maana marekebisho yake yakifika kwangu programu inaanguka, na kwake inakwenda. Nimeambatisha funksheni moja. Tushirikianeje kwenye msimbo wa namna hii?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hizo sentensi tatu si kukataliwa. Mkaguzi asiyetaka kazi yenu angekaa kimya. Huyu amewaonyesha mambo matatu, na la kwanza ndilo lililobeba hayo mengine, pamoja na ugomvi wenu wa Moshi na Njiro.

Tuanze na hesabu kabla ya msimbo. Ujumbe mmoja kila sekunde 10 ni ujumbe 8,640 kwa siku. MB 2.2 ni baiti 2,306,867 hivi. Gawanya, unapata kama baiti 267 kwa kila ujumbe. Sasa tazama funksheni yako: inaomba baiti 256. Malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu, ya glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, katika mashine ya biti 64 huongeza baiti 8 za kumbukumbu zake yenyewe, kisha hupandisha jumla hadi kigawe cha 16. Kwa hiyo 256 inakuwa 264, halafu 272. Kati ya 267 na 272 tofauti ni ile "kama" yako tu. Maana yake ni kwamba kila ujumbe unaoingia unaacha nyuma bafa moja nzima isiyoachiliwa. Kila ujumbe, si mmoja kwa kumi, wala si ule ulioharibika tu njiani.

Hapo ndipo bwawa lenu lilipokosea njia. Bwawa halizibi tundu. Bafa isiyorudishwa kwa malloc haitarudishwa kwa bwawa pia, na mlichobadilisha ni mahali pa kuishiwa. Baya zaidi, bwawa linaficha. Zana za kukagua kumbukumbu zinafuatilia malloc na free, funksheni ya kuachilia. Mkichukua kipande kikubwa mara moja na kukigawa wenyewe ndani kwa ndani, zana inaona kipande kimoja kikubwa kinachotumika kihalali, basi. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche wa mawasiliano, ilikuwa na orodha yake ya ndani ya bafa zilizoachiliwa, na kosa la Heartbleed lilipotangazwa Aprili 2014, lile lililoruhusu kusomwa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja, orodha hiyo ilikuwa sehemu ya lawama: ilipitisha bafa pembeni ya kinga ambazo malloc ya mfumo ingeweza kuziweka.

Na msione kwamba mkaguzi anawabania ninyi tu. Kerneli ya Linux yenyewe, yaani kiini cha mfumo huo, ilikuwa na vigawaji vitatu vya vipande vidogo: SLAB, SLOB na SLUB. SLOB iliondolewa katika toleo la 6.4 mwaka 2023, SLAB ikafuata katika 6.8 mwaka 2024, ikabaki SLUB peke yake. Kila kigawaji kinataka mtu wa kukilisha miaka yote, na wanaokuja na kigawaji kipya ni wengi kuliko wanaobaki kukitunza. Kwa hiyo bwawa liwekeni kabatini kwanza.

Turudi kwenye funksheni yenyewe. Nimebadilisha majina yasomeke:

    int pokea(struct kituo *k, char **ujumbe)
    {
        char *b = malloc(256);
        if (!b)
            return -ENOMEM;
        if (soma_redio(k, b, 256) < 0)
            return -EIO;
        if (!hakiki_jumla(b))
            return -EINVAL;
        *ujumbe = b;
        return 0;
    }

Ina njia nne za kutokea. Ya kwanza ni salama, maana hakuna kilichotengwa. Ya pili na ya tatu zinaondoka na b mkononi bila kuiachilia: redio ikikwama, au jumla ya uhakiki isipolingana, baiti 256 zimekwenda. Huo ni uvujaji, lakini siyo wenu wa kila siku, kwa sababu ungepanda na kushuka kufuata mvua na ubovu wa mawimbi. Wenu ni mnyoofu kama rula, kwa hiyo uko kwenye njia ya nne, ile ya mafanikio: bafa inakabidhiwa kwa anayeita, na hakuna popote palipoandikwa kwamba sasa ni yake.

Ugomvi wenu nao unatokea hapo hapo. Kwa maelezo uliyotuma, mwenzako ameweka free kwenye kitanzi kikuu, baada ya ujumbe kuandikwa kwenye faili. Wewe umeiweka ndani ya maktaba: pokea inaitunza bafa ya mwisho kwenye kituo na kuiachilia inapoitwa tena. Kila mmoja yuko sahihi akiwa peke yake. Mkiunganisha, bafa moja inaachiliwa mara mbili, na ndiyo maana kwenye mashine yako, yenye marekebisho yote mawili, unapata ule mstari wa "free(): double free detected in tcache 2" na programu inakufa. Shukuru kwamba imekufa. Ukaguzi huo uliingia glibc 2.29 mwaka 2019. Kwenye toleo la nyuma kidogo kosa lile lile linaweza kupita kimya, kisha funksheni isiyohusika kabisa ikaanguka saa nzima baadaye.

Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Chukua mfano wa meza ya sokoni Kilombero. Umeirudisha, lakini umebaki na nakala ya ufunguo wa kufuli. Meza ikipewa mama mwingine, ufunguo wako bado unafungua, ila bidhaa utakazozikuta si zako. Kati ya free ya mwenzako na free yako, kitu kingine kikiomba baiti 256, malloc huenda ikampa bafa ile ile. Free ya pili sasa haimrudii malloc kama kosa. Inamnyang'anya mtu mwingine meza yake huku akiwa anauza. Hakuna ujumbe wa onyo hapo, na ndiyo sababu msimbo wa kumbukumbu haushirikiwi kwa mtindo wa "wewe rekebisha kwako, mimi nirekebishe kwangu, tutaunganisha Ijumaa".

Kinachotangulia ni mkataba. Kaeni kwenye simu nusu saa, msiandike msimbo, mjibu maswali matatu kwa kila kielekezi (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) kinachovuka mpaka wa funksheni: ni cha nani, kinaishi mpaka lini, na kinaachiliwa kwa funksheni gani. Kisha majibu yaingie kwenye faili la kichwa, juu ya tangazo la funksheni, siyo kwenye gumzo la WhatsApp. Kwa pokea yatosha kuandika: ikirudisha 0, bafa iliyoko kwenye *ujumbe ni mali ya anayeita, naye ataiachilia kwa achilia_ujumbe, ikirudisha chini ya 0, *ujumbe haijaguswa na hakuna cha kuachilia. Sentensi hiyo ya pili ndiyo watu wanayoisahau, na ndiyo inayozuia mtu kuachilia takataka baada ya kosa.

Mbona achilia_ujumbe na si free moja kwa moja? Kwa sababu maktaba ikitenga, maktaba ndiyo iachilie. Leo ndani yake kuna free tu, mstari mmoja. Kesho mkithibitisha kwamba bwawa linahitajika, mtalichomeka pale bila kumsumbua yeyote aliyejenga juu yenu. Na kwenye Windows, maktaba na programu zinaweza kuwa na malloc tofauti kabisa, hivyo kuachilia kwa moja kilichotengwa na nyingine ni kuharibu.

Mngeweza pia kumwachia anayeita alete bafa yake mwenyewe pamoja na ukubwa wake, maktaba ijaze tu. Kwenye kifaa kidogo mimi ningependelea hivyo: hakuna malloc kwa kila ujumbe, hakuna cha kuvuja. Lakini hiyo inabadilisha sura ya funksheni ambayo watu wengine wanaitumia tayari, na katika mradi huria huvunji programu za watu usiowajua. Ongezeni funksheni mpya kando, ya zamani ibaki na mkataba wake ulioandikwa.

Njia za makosa zifungeni kwa mlango mmoja:

        int r = -EIO;
        if (soma_redio(k, b, 256) < 0)
            goto achilia;
        r = -EINVAL;
        if (!hakiki_jumla(b))
            goto achilia;
        *ujumbe = b;
        return 0;
    achilia:
        free(b);
        return r;

Najua mmefundishwa darasani kwamba goto ni mwiko. Kwenye C ya kumbukumbu, goto inayoshuka chini kwenda kwenye usafi ni desturi, na kerneli ya Linux imejaa mtindo huo. Mkaguzi anasoma mlango mmoja badala ya kuhesabu return.

Sasa ushahidi, vile vipimo alivyoulizia mkaguzi. Msingoje siku nzima kila mnapojaribu. Rekodini ujumbe 8,640 kwenye faili, yaani siku moja, kisha mwilishe maktaba kutoka kwenye faili hilo kwenye laptopu. Siku inakwisha kwa dakika chache. Endesheni kwanza msimbo wa zamani chini ya Valgrind, zana ya kukagua kumbukumbu, kwa --leak-check=full. Ikiwa nimewasoma vizuri, fungu la "definitely lost" litasema baiti 2,211,840 katika vipande 8,640, au pungufu kipande kimoja, kwa kuwa kielekezi cha mwisho huenda bado kimeshikwa na programu inapofunga. Valgrind inahesabu mlichoomba, 256, siyo 272, kwa hiyo msishtuke kwamba haifanani na namba ya mfumo. Fungu la "still reachable" msilihangaikie kwa sasa, maana ni vitu ambavyo bado vina anayevishika.

Baada ya hapo jengeni upya kwa -g -O1 -fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer. Bendera hizo zinawasha AddressSanitizer, ukaguzi unaowekwa na kompaila. Hii inapunguza kasi kama mara mbili, wakati Valgrind inapunguza mara 10 hadi 30, na inakamata vizuri kutumia kilichokwisha kuachiliwa pamoja na kuandika nje ya bafa ya staki, jambo ambalo Valgrind hulikosa. Msizichanganye kwenye jengo moja, hazielewani. Halafu kuna mtego unaowapoteza wengi: ripoti ya uvujaji ya AddressSanitizer hutolewa programu inapofunga kistaarabu. Kitanzi chenu hakina mwisho, nanyi mnakikata kwa kill, kwa hiyo hamtaona ripoti hata moja na mtajidanganya kuwa mmepona. Faili la ujumbe likiisha, programu irudi kutoka main.

Kwenye kifaa chenyewe kipimo ni rahisi zaidi, na kiendeshwe kabla na baada ya marekebisho:

    while sleep 600; do date +%s; grep VmRSS /proc/$PID/status; done >> ukuaji.txt

VmRSS ni kumbukumbu ambayo programu inashikilia kwa sasa, na $PID ni namba ya programu. Hivyo ni visomo 144 kwa siku. Mstari unaopanda moja kwa moja ni uvujaji. Ukipanda kama ngazi kisha ukatulia, hiyo ni malloc inayoshikilia akiba au kumbukumbu iliyomegekameka, na hapo ndipo hoja ya bwawa ingeanza kusikilizwa.

Kuhusu kugawanya kiraka: mistari 1,100 ya kumbukumbu hakuna mtu anayeikagua kweli, wanaipitia tu kwa macho. Kiraka cha kwanza kiwe maandishi ya mkataba peke yake, bila kugusa msimbo. Hicho ndicho mtakachobishania na mradi, na ni nafuu kubishania sentensi nne kuliko mafaili sita. Cha pili ni mlango mmoja wa makosa. Cha tatu ni achilia_ujumbe, kitanzi kikuu kinachoiita, na jaribio la ujumbe 8,640 linaloshindwa bila kiraka na kupita nacho. Free uliyoiweka wewe ndani ya pokea inaondoka kabisa. Samahani, kwa mkataba huu mwenzako ameshinda. Kila kiraka kijengeke na kipite majaribio peke yake, maana siku git bisect, amri ya kutafuta kiraka kilicholeta kosa, itakapotumika, mabadiliko 1,000 hupunguzwa kwa hatua 10 hivi, ila tu kama hakuna kiraka katikati kinachogoma kujengeka. Na ole wenu mkinyoosha nafasi za mistari ndani ya kiraka kile kile kinachohamisha free.

Kwenye maelezo ya kiraka andikeni tatizo, chanzo, namba za kabla na za baada, na namna ya kuzirudia. Kama mradi wenu unafuata desturi ya kerneli, mstari wa Signed-off-by ni tamko, siyo urembo: unathibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Mkiwa mmeandika wawili, kuna Co-developed-by, na chini yake papo hapo unafuata Signed-off-by ya mwenzako. Someni faili la CONTRIBUTING kabla, miradi inatofautiana.

Ninyi wawili mnahitaji hati moja ya kuendesha, ile ile Moshi na Njiro: kompaila ile ile, bendera zile zile, faili lile lile la ujumbe. Kisikubaliwe kiraka ambacho hakijapita kwa wote wawili. Mnapokaguana, anayekagua asianze juu kushuka chini. Atafute kila malloc, kisha afuate kila return iliyo chini yake na kuuliza b iko wapi saa hii. Akiona p = realloc(p, n) akatae, kwa sababu realloc ikishindwa inarudisha NULL, bafa ya zamani ingali hai, na kielekezi pekee cha kuifikia kimeshafutwa. Akiona malloc(n * ukubwa) ambamo n imetoka kwenye redio, aulize nani amezuia kuzidisha kusifurike. Calloc na reallocarray zinakagua hilo zenyewe.

Umeme ukikatika msipoteze kazi: sukumeni tawi lenu kila jioni hata kama halijakamilika. Na kama ni kifurushi mnachobania, msitumie git clone --depth 1, inakata historia nanyi mtaihitaji kwa bisect na blame. --filter=blob:none inaleta historia yote na kuacha maudhui ya zamani mpaka yatakapohitajika.

Kwa mkaguzi, jibuni chini ya kila sentensi yake, siyo kwa barua moja ndefu ya kujitetea. Msitume toleo la pili usiku ule ule. Mpeni siku kadhaa, kisha git format-patch -v2, na chini ya vile vistari vitatu mworodheshe kilichobadilika tangu la kwanza. Wiki ikipita kimya, kumbusheni mara moja kwa upole. Mkipanga kuongea naye, andikeni saa kwa UTC, saa ya kipimo ya dunia: sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, na "saa 3 usiku" yenu mtu wa California ataisoma kama alfajiri yake, akiwa amelala.

Jibu lenu la leo liwe fupi. Bafa inaachiliwa na anayeita, kupitia achilia_ujumbe. Mkataba uko kwenye kiraka cha 1 kati ya 3. Bwawa tumeliondoa. Kabla: baiti 2,211,840 zimepotea kwa ujumbe 8,640. Baada: andikeni namba mtakayoiona, hata kama siyo sifuri.